Mombasa 1631: kesi ya wafiadini isiyoamulika kwa jumla

Kwenye lango la Fort Jesus kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Kwa mujibu wa jiwe, aliijenga ngome upya, akawatiisha watu wa pwani waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaadhibu watu wa bara ambao Wareno waliwaita Musungulos, na kule Pemba akawaua magavana walioasi pamoja na wakuu wa mji, kwa uamuzi wake mwenyewe. Mfalme dhalimu anayesemwa hapo bila kutajwa jina ni Yusuf bin Hasan, ambaye kwa ubatizo aliitwa Dom Jerónimo Chingulia.

Jiwe hilo lilichongwa wakati jalada jingine limekwisha kuandikwa. Muda mfupi baada ya mauaji ya Agosti 1631 mashahidi waliapishwa huko Goa, makao makuu ya Wareno nchini India, wakaeleza waliyoyaona na waliyoyasikia, ili Wakristo waliouawa Mombasa waombewe heshima ya wafiadini. Mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha ushahidi huo wa kiapo mwaka 1980. Basi tuna kauli mbili za Wareno juu ya damu ile ile, zote za karne ile ile. Serikali yao iliandika uasi, Kanisa lao likaandika ufiadini.

Kisa tunachokichambua ni hiki: kikundi cha waamini jijini Mombasa kinataka jimbo kuu liifufue kesi hiyo, majina ya waliouawa yasomwe hadharani, na kila Agosti yafanyike maandamano ya sala hadi ngomeni. Je, msingi upo? Wakitaka kuanza, waanzie wapi, na ni wapi watakapokwama? Msimamo wetu ni kwamba msingi upo, lakini si kwa wote. Anayeomba wote watangazwe kwa mkupuo mmoja atawapoteza hata wale ambao hoja yao ina uzito.

Kilichotokea, kwa kifupi

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na Wareno wakamhamishia Mombasa sultani rafiki yao wa Malindi. Urafiki haukudumu. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad, baada ya ugomvi na kapteni wa ngome, alikimbilia bara upande wa Rabai, akauawa huko kwa njama, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba hivi, naye alipelekwa Goa. Akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa, akatumikia katika merikebu za Ureno na kujua kazi ya mizinga, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo chini ya taji la Ureno.

Kapteni Pedro Leitão de Gamboa na mfalme huyo hawakupatana. Habari zikamfikia kapteni kwamba mfalme ameonekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la baba yake. Hapa lazima tutue kidogo, maana msomaji wa leo huweza kuliona jambo hili kama umbea wa mji. Mahakama ya Inkwizisheni ilikuwa Goa tangu 1560, na kazi yake ilikuwa hasa kuwahukumu waliobatizwa wakarudia dini yao ya zamani. Mfalme aliyeshitakiwa kwa kosa hilo alikuwa anapoteza kiti, mali, na pengine uhai. Kwa hiyo hofu ya Yusuf ilikuwa ya siasa na ya dini kwa pamoja, na mtu yeyote anayetaka kuzitenganisha kwa kisu atajikuta anakata hewa.

Katikati ya Agosti 1631, katika siku za Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaishika ngome. Akatangaza kurudi kwenye Uislamu. Siku zilizofuata Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliwekewa mbele yao njia mbili: kusilimu au kufa. Hesabu inayorudiwa sana vitabuni kwa upande wa Wareno ni wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70. Pamoja na Waafrika waliobatizwa hutajwa jumla ya watu 300 hivi. Miongoni mwao walikuwamo Waagustino wa konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Mombasa. Kikosi kutoka Goa kiliizingira ngome tangu Januari hadi Machi 1632, kikashindwa. Mwezi Mei Yusuf mwenyewe aliiacha ngome, akashika bahari. Agosti ya mwaka huo Wareno wakarudi ndani bila vita.

Sheria inauliza nini

Kanisa Katoliki halimtangazi mtu mfiadini kwa sababu aliuawa kikatili, wala kwa sababu aliuawa na mtu wa dini nyingine. Prospero Lambertini, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XIV, alizikusanya kanuni za jambo hili katika kazi kubwa iliyochapishwa kati ya 1734 na 1738, na mpaka leo wanaoendesha kesi hizi hufuata njia aliyoichora. Kwanza kifo chenyewe kithibitishwe: huyu mtu aliuawa kweli, hapa, kwa namna hii. Kisha sababu ya kifo ithibitishwe kutoka pande mbili. Upande wa mtesi inatakiwa chuki dhidi ya imani, au dhidi ya tendo jema linalotokana na imani. Upande wa aliyeuawa inatakiwa awe amekipokea kifo kwa ajili ya imani na kudumu hivyo hadi mwisho. Aliyekufa silaha mkononi, akipigania ukuta au nafsi yake, huenda ni shujaa wa taifa lake, lakini ufiadini wake hauthibitiki kwa njia hiyo.

Mtesi kuwa na sababu zilizochanganyika hakuiui kesi. Watesi wengi katika historia walikuwa watawala, na mtawala hakosi hesabu zake za kiti. Ndiyo maana hutumika kipimo kimoja cha zamani ambacho ni rahisi kukieleza na kigumu kukikwepa: je, mtu huyu angeikana imani, angeachwa hai? Jibu likiwa ndiyo, basi kilichomuua ni imani, hata kama mtesi alikuwa na kisasi cha baba yake moyoni. Jibu likiwa hapana, yaani angeuawa hata akikana, basi aliuawa kwa jambo jingine.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanao mfano wa karibu. Wafiadini 22 Wakatoliki wa Uganda waliuawa kati ya 1885 na 1887 katika ikulu iliyojaa fitina na hofu ya wageni. Siasa ilikuwapo tele. Walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964 kwa sababu iliwezekana kuonyesha, mtu kwa mtu, kwamba walitakiwa kuiacha dini wakakataa. Mtu kwa mtu: hapo ndipo kesi ya Mombasa inapokuwa ngumu.

Watu 300 si kesi moja

Tuanze na walinzi wa ngome waliouawa saa za kwanza pamoja na kapteni. Hawakuulizwa chochote. Yusuf alizihitaji kuta, mizinga na baruti, nao walikuwa wamesimama kati yake na vitu hivyo. Angekuwa Mkristo mwaminifu mwenye kisasi tu, bado angelazimika kuwaua hao hao. Kwa kipimo tulichokitaja, hawapiti, na kikundi kinachowaweka kwenye orodha kitampa mwanahistoria wa kwanza atakayesoma ombi lao sababu ya kulitupa lote. Kapteni mwenyewe ni mzigo zaidi: uhasama wake na mfalme umeandikwa na Wareno wenzake.

Kundi la pili ni mapadre, wanaume na wanawake wa mjini walioshikwa siku zilizofuata. Hawa ndio walioletewa uchaguzi. Kwao jalada la Goa lina nguvu, maana masharti ya mfalme yenyewe yanaonyesha alichokitaka: kusilimu kulimwokoa mtu. Lakini hata hapa kuna kazi. Kusema kwamba wanawake walikataa hakutoshi. Ni mwanamke gani, ni nani aliyemsikia akikataa, na shahidi huyo alisimama wapi? Katika kesi za makundi, desturi ni kumtaja mmoja kwa jina na kuongeza neno wenzake, lakini wenzake hao nao lazima kila mmoja awe na ukurasa wake. Asiye na ukurasa hubaki nje ya tangazo, hata kama Mungu anamjua.

Watoto 70 huleta swali jingine. Mtoto mchanga hawezi kuchagua. Zamani wengi wangesema hapo hapo kwamba hana kesi, ingawa Kanisa lenyewe huadhimisha Watoto Mashahidi (yaani wafiadini) wa Bethlehemu kila tarehe 28 Desemba. Tarehe 10 Septemba 2023 familia ya Ulma ya Polandi, iliyouawa na Wanazi mwaka 1944 kwa kuwaficha Wayahudi, ilitangazwa yenye heri pamoja na watoto wote, hata yule aliyekuwa bado hajabatizwa kwa maji. Mlango basi haujafungwa, ila njia yake hupitia kwa wazazi: ufiadini wa wazazi ukithibitika, watoto huweza kuingia pamoja nao. Mtoto ambaye mzazi wake hajulikani hana wa kumshika mkono.

Kundi la nne ndilo tunaloliona kuwa moyo wa kesi yote, na ndilo linalosahauliwa: Waafrika waliobatizwa, wengi wao watumishi na watumwa. Fikiria hesabu ya siasa kwa kila upande. Mreno aliyekataa kusilimu alikuwa pia anakataa kuhama kambi. Dini yake, lugha yake, mfalme wake na matumaini yake ya kuokolewa na merikebu za Goa vilikuwa fungu moja. Mtu mwenye shaka anaweza kusema alikufa kwa Ureno. Hoja hiyo haimshiki vizuri Mwafrika. Ngome haikuwa yake, ushuru haukuwa wake, taji halikuwa lake. Mshindi alikuwa mtu wa pwani kama yeye, na kusilimu kungemweka upande wa mwenye nguvu. Kama kweli alikataa, siasa haina maelezo mazuri ya kukataa kwake. Kilichobaki ni imani, au uaminifu kwa bwana wake, na hilo la mwisho ndilo mpinzani wa kesi atalishikilia.

Kwa bahati mbaya wenye hoja nzito ndio wenye karatasi nyembamba. Katika hati za Kireno za enzi hiyo mtumwa mara nyingi huandikwa kwa jina la ubatizo peke yake, au hatajwi ila kwa jina la bwana wake. Ukiwa na Maria watatu na António wanne wasio na ukoo, huwezi kuthibitisha nani alisema nini. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa dhati aanze na hao: achambue jalada zima akitafuta kila Mwafrika anayetajwa, hata kwa nusu sentensi, kabla ya kugusa majina ya wakubwa.

Mtoto aliyebatizwa Goa

Hakuna anayeweza kuiendesha kesi hii bila kukutana na ubatizo wa mtesi. Yusuf hakuwa sultani wa kigeni aliyewachukia Wakristo tangu mbali; alikuwa mtoto wa Kanisa kwa cheti. Kesi inaruhusu jambo hilo, maana mtesi anaweza kuwa mbatizwa. Askofu mkuu Óscar Romero wa El Salvador, aliyepigwa risasi altareni mwaka 1980 katika nchi ya Wakatoliki, alitambuliwa mfiadini mwaka 2015.

Ila kuna swali la kimaadili ambalo wachunguzi wa Goa hawakuwa na hamu nalo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa karne ya 13, katika sehemu ya tatu ya kitabu chake Summa, swali la 68, kifungu cha 10, anafundisha kwamba watoto wa wasioamini wasibatizwe bila ridhaa ya wazazi wao. Anaona ni kinyume cha haki ya maumbile, na tena ni hatari, kwa kuwa wakikua huenda wakaiacha imani kwa mapenzi ya asili waliyo nayo kwa wazazi wao. Hayo yaliandikwa karne tatu na nusu hivi kabla ya Mombasa. Mtoto wa Hasan bin Ahmad alibatizwa akiwa yatima mikononi mwa dola iliyokuwa imepokea kichwa cha baba yake. Kisha akakutwa kaburini kwa baba yake, akisali kwa namna ya baba yake. Mwanateolojia aliyemsoma Tomaso hawezi kujidai ameshangaa.

Je, hili linapunguza hatia ya mauaji? Halimpi haki ya kuua watoto. Lakini linabadilisha namna Kanisa linavyoweza kusimulia. Simulizi inayoanzia Agosti 1631 humfanya Yusuf shetani aliyezuka bila sababu. Simulizi inayoanzia 1614 huonyesha kwamba mkono wa wabatizaji ulikuwapo tangu mwanzo wa jeraha. Ukitaka kwenda nyuma zaidi, kamanda wa Kireno Francisco de Almeida aliivamia na kuichoma Mombasa katikati ya Agosti 1505, na mwenzake Nuno da Cunha akarudia mwaka 1528. Waliokufa siku hizo hawana jalada popote, wala wale wa Pemba ambao jiwe la Cabreira linajivunia vifo vyao.

Kusoma jalada kama mwanahistoria

Ushahidi wa kiapo una thamani kubwa: umechukuliwa karibu na tukio, kwa maswali yaliyopangwa, mbele ya mwandishi rasmi. Una pia kasoro yake ya kuzaliwa. Maswali yaliandaliwa na watu waliokwisha kuamini jibu. Shahidi huulizwa kama ni kweli kwamba watumishi hawa wa Mungu walikufa kwa ajili ya imani, naye hujibu ndiyo, ni kweli. Jibu la namna hiyo lina uzito mdogo. Sentensi zenye thamani ni zile ambazo shahidi anatoka nje ya swali: anaeleza mlango uliofungwa, mtu aliyemlilia mwenzake, bei ya kitu kilichoporwa, neno la Kiswahili alilolisikia. Humo ndimo ukweli hupenya bila kukusudiwa.

Njia ya kufanya kazi ni kutengeneza jedwali kubwa, mstari mmoja kwa kila kauli na si kwa kila shahidi. Nguzo za lazima ni hizi: jina la shahidi, umri, asili na hali yake, alikuwa wapi siku hiyo, aliona au alisikia, kama alisikia, kwa nani, anamzungumzia nani, maneno gani hasa yaliwekwa kinywani mwa mfalme au mwa aliyeuawa, na mwisho, shahidi huyu yeye mwenyewe alinusurikaje. Nguzo ya mwisho huachwa kwa adabu, nayo ndiyo inayoeleza mengi. Aliyenusurika kwa kujificha, aliyenusurika kwa kukimbia na aliyenusurika kwa kukubali kusilimu kwa muda hawana sababu moja ya kusimulia.

Jedwali likikamilika, kosa la kawaida hujitokeza lenyewe: kauli kumi zinazofanana neno kwa neno, zote zikitoka kwa mtu mmoja aliyewasimulia wengine tisa. Hapo huna mashahidi kumi. Unaye mmoja.

Kazi hii inahitaji mtu anayesoma mwandiko wa Kireno wa karne ya 17, si Kireno cha leo peke yake. Inahitaji pia mtu wa Mji wa Kale anayejua majina ya mitaa, koo na makaburi, na hakuna sababu yoyote ya kudhani kwamba lazima awe Mkristo. Tungeenda mbali zaidi: tume isiyo na msomi Mwislamu wa historia ya Mombasa itatoa kazi dhaifu kitaaluma, achilia mbali ujirani.

Ngazi za jimbo

Hapa hatutakawia, maana utaratibu umeandikwa: sheria ya 25 Januari 1983 ya Papa Yohane Paulo II, kanuni za Februari mwaka huo huo, na maelekezo ya Mei 2007. Askofu mwenye mamlaka ni wa mahali pa kifo, yaani Askofu Mkuu wa Mombasa. Mwombaji, ambaye anaweza kuwa kikundi cha waamini au shirika la watawa, hubeba gharama za kesi na humteua postulatori wa kuisimamia. Postulatori humwandikia askofu ombi pamoja na maelezo ya maisha na kifo cha kila mtu. Askofu hushauriana na maaskofu wenzake, huuliza Roma kama kuna kizuizi, hutangaza ombi kwa waamini, kisha huunda tume ya historia yenye wataalamu wasiopungua watatu. Kwa kuwa hakuna shahidi wa macho aliye hai, hii huhesabiwa kesi ya zamani, na uzito wote hukaa kwenye hati. Roma nayo huwapa wataalamu wa historia waisome kabla ya wanateolojia. Ufiadini ukikubaliwa, muujiza hautakiwi kwa hatua ya mwenyeheri. Hutakiwa kwa utakatifu.

Kitu kimoja kinachoharibu kesi mapema ni shauku. Kanuni za Papa Urbano VIII za 1625 na 1634 zinakataza heshima ya hadharani kwa mtu ambaye Kanisa halijamtangaza, na sehemu ya uchunguzi wa jimbo ni kuthibitisha kwamba heshima hiyo haikutolewa. Kwa hiyo usiwachore na duara la nuru kichwani. Usiiite altare, kanisa wala jumuiya kwa jina lao. Usiweke picha yao mahali pa picha za watakatifu. Misa ya kuwaombea marehemu inaruhusiwa, mradi waombewe kama marehemu wengine. Sala ya faragha ya kuomba maombezi yao inaruhusiwa. Litania kwa kipaza sauti hairuhusiwi, na mwanakwaya mwenye kipaji anaweza kuichelewesha kesi kwa wimbo mmoja.

Kuchimba mifupa ni mwiko wa aina nyingine. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na inalindwa na sheria ya makavazi na urithi ya 2006. Tangu 2011 ni urithi wa dunia. Hakuna parokia yenye haki ya kuinua jiwe hata moja kwa nia njema.

Mtaani

Tuseme kikundi kinataka maandamano kutoka Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Barabara ya Nkrumah, hadi ngomeni. Umbali ni mfupi, uzito ni mkubwa, kwa sababu ngome imekaa mdomoni mwa Mji wa Kale. Sheria ya utulivu wa umma inataka mwandalizi ampe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, siku zisizopungua tatu wala kuzidi kumi na nne kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kunaweza kuwa na hoja kwamba ibada haihitaji taarifa. Peleka taarifa hata hivyo. Ruhusa ya kuingia na kusali uani mwa ngome ni jambo la makavazi, liombwe mapema na kwa barua.

Kabla ya barua hizo zote, wazee wa misikiti ya karibu waendewe, wawili au watatu wakiwa na padre, bila kamera. Wasiende kuomba ruhusa wala kuomba radhi. Waende na karatasi yenye maneno yatakayosomwa hadharani, wasikilize yapi yanachoma. Mengi ya yanayochoma yataonekana kuwa pia si sahihi kihistoria. Mfano: kusema kwamba mwaka 1631 Waislamu wa Mombasa waliwaua Wakristo 300. Sentensi hiyo ina makosa matatu. Inaufanya uamuzi wa mfalme kuwa tendo la umma wote, inaifanya hesabu ya kukadiria kuwa hakika, na inawaingiza walinzi waliouawa vitani kana kwamba waliulizwa habari za imani. Maandishi yanayoweza kusimama ni kama haya: Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa, aliyepelekwa Goa mtoto baada ya baba yake kuuawa na kubatizwa huko, aliiteka ngome hii na kurudi kwenye Uislamu. Wakristo wengi wa mji, Waafrika na Wareno, waliotakiwa kuiacha imani yao walikataa, wakauawa. Tunawaombea, pamoja na wote waliouawa katika mji huu kwa mikono ya Wakristo.

Wapo watakaoona maneno ya mwisho ni unyonge. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la 1965 kuhusu dini nyingine, ulikiri magomvi ya karne nyingi kati ya Wakristo na Waislamu na kuwasihi wote wajitahidi kuelewana. Mkatoliki anayeyasoma maneno hayo ngomeni hajatoka nje ya mafundisho yake. Tena kesi yenyewe haipotezi chochote. Mfiadini hathibitiki zaidi kwa kuficha dhambi za taifa lake.

Mwaka 2031 utatimiza miaka 400, na shinikizo la kufanya jambo kubwa litakuja tu. Tarehe 15 Agosti mwaka huo itaangukia Ijumaa. Misa ya Kupalizwa iwe ya alfajiri, maandamano yaondoke kanisani saa mbili na yawe yamekwisha ngomeni kabla ya saa nne, spika zizimwe na mabasi ya waamini yaondolewe karibu na ngome, ili njia za kuingia Mji wa Kale ziwe wazi watu wanapoanza kwenda sala ya Ijumaa.